Bajeti Husomwa Juni, Mbunge Mtafute Februari

Mwaka mmoja nilipanda matatu kutoka Kakuyuni hadi mjini Malindi kwenda kutoa maoni. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa: shati limepigwa pasi, karatasi iko mfukoni, na neno langu ni moja tu, zahanati. Zamu yangu ilipofika nikaeleza namna mama mwenye uchungu anavyobebwa kwa bodaboda usiku wa manane, mvua ikiwa imeharibu njia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Afisa aliyekaa mbele akanitazama kwa huruma. "Ahsante, mzee wangu, lakini hilo ni la kaunti. Leo tuko kwenye Mswada wa Fedha." Nikaketi. Nauli ya kurudi nilikopa.

Tangu siku ile nimeketi kwenye mikutano mingi ya namna hiyo, na kosa langu nimeliona likirudiwa na watu walionizidi kisomo. Huyu anamdai mbunge chekechea, yule anamlaumu diwani kwa bei ya petroli. Wote wana haki ya kudai, ila wamebisha mlango usio na mwenyeji. Basi jirani akinijia leo na shida yake, humrudishia swali kabla hajamaliza: pesa unayoitaka imelala mfuko gani?

Kakuyuni ni wadi moja kati ya tano za eneobunge la Malindi, pamoja na Jilore, Ganda, Malindi Mjini na Shella. Diwani wetu anakaa katika bunge la Kaunti ya Kilifi, ambalo kwa bahati yetu liko papa hapa Malindi, si Kilifi mjini. Zahanati, chekechea, kilimo, masoko na barabara za vijijini ni vyake na vya gavana. Mbunge, ambaye tangu 2022 ni Bi Amina Mnyazi wa ODM, anakaa Nairobi na anahusika na fedha za taifa: walimu wa msingi na sekondari, polisi, vitambulisho, barabara kuu, hospitali za rufaa za kitaifa, na juu ya yote, kodi. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imeachiwa kodi ya mali na ya burudani, pamoja na ada za huduma zake, ile tikiti ya sokoni ikiwa mojawapo. Seneta naye kazi yake kubwa ni kulinda mgao wa kaunti.

Kuna mambo yanayochanganya hata wajuzi. Maji ni mfano mzuri. Chanzo cha Baricho, kwenye mto Sabaki, kiko chini ya shirika la taifa la maji la Pwani, nalo ndilo linalosukuma maji mengi kuja Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Lakini mfereji ukishaingia mtaani na mita ikafungwa, unaongea na kampuni ya maji ya kaunti. Kwa hiyo bomba kubwa likipasuka, mbunge ana la kusema. Mfereji wako ukikauka kwa bili, hana. Barabara nayo ni vivyo hivyo: ile kuu ya Malindi kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki ni ya taifa, kijia cha kutoka barabarani hadi kwako ni cha kaunti.

Mtu anaweza kudhani kwamba, ugatuzi ulipokuja, mambo mengi yalihamia kwa gavana na mbunge akabaki wa kuhudhuria matanga. Tazama hesabu. Katiba inasema kaunti zote zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti 47 ziligawiwa Sh415 bilioni, wakati bajeti nzima ilipita Sh4.2 trilioni. Hizo nyingine, ukiondoa za kulipa madeni, ndizo ambazo mbunge wetu na wenzake 348 hukaa wakaziamulia.

Lakini ukimuuliza mbunge yeyote nchini kuhusu kazi aliyofanya, atakupeleka kwenye hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF: madarasa, basari, kituo cha polisi. Sisemi ni vibaya. Watoto wetu wamesomeshwa na basari hizo. Ila hazina hiyo, kwa sheria ya 2015, inatengewa kiwango kisichopungua asilimia 2.5 ya fungu la serikali ya kitaifa, na kiasi hicho kinagawanywa kwa maeneobunge 290. Mahakama Kuu mnamo Septemba 2024 iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Vyovyote vile mahakama ziamuavyo, mimi sijali sana. Mbunge anayekuonyesha basari anakuonyesha zile mbili na nusu. Wewe muulize juu ya zile tisini na saba na nusu zilizobaki.

Namna ya kumuuliza ndiyo yenye ufundi. "Mheshimiwa, vipaumbele vyako ni vipi?" ni swali bovu. Atakujibu elimu, afya, maji, barabara, vijana na akina mama, na kila mtu ataondoka ameridhika. Uliza hivi: "Mheshimiwa, ukiambiwa uongeze kitu kimoja katika bajeti hii, utaongeza kipi? Na utakata wapi ili kipatikane?" Lile swali la pili ndilo litakalomfanya anyamaze kidogo. Na si swali la kumtega. Ni sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema bunge likitaka kuongeza matumizi ya fungu moja, lazima lipunguze fungu jingine kwa kiasi kilekile. Mbunge hawezi kusimama tu akasema "tuongezewe". Asiyejua atakachokata hana kipaumbele, ana matamanio.

Na wewe mwananchi sheria hiyo inakubana vilevile. Barua inayosema "tunaomba walimu zaidi wa sekondari msingi" itapokelewa, itashukuriwa, itawekwa kwenye faili. Barua inayosema "punguzeni kiasi hiki katika safari za nje na makongamano ya wizara hii, muweke kwenye kuajiri walimu" imemrahisishia mbunge kazi, maana amepewa pa kutoa na pa kuweka. Mafungu ya safari, mafunzo na ukarimu yameandikwa wazi katika makadirio, kila wizara na lake. Kijana yeyote wa saiba anaweza kukufungulia kitabu cha makadirio hayo kwenye tovuti ya Hazina ya Kitaifa au ya Bunge. Usikisome chote, utaugua. Tafuta wizara moja inayokugusa.

Sasa majira. Watu wetu huamka Juni, Waziri wa Fedha anapotoka na ule mkoba na redio zote zikawa kwake. Kufikia hapo ugali umeshasongwa, mnabishania sahani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini maandalizi yake huanza Agosti ya mwaka uliotangulia, wizara zinapopewa mwongozo wa kuandaa maombi yao. Kufikia 15 Februari Hazina hupeleka bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti. Hati hiyo haitajwi sana redioni, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoweka kikomo cha kila sekta. Elimu ikishawekewa kikomo Februari, Mei unaweza kuhamisha viti ndani ya nyumba tu, nyumba huipanui. Kufikia 30 Aprili makadirio ya matumizi na Mswada wa Fedha huwa vimefika bungeni. Mei kamati hukusanya maoni. Hilo ni takwa la Katiba, kifungu cha 221, wala si hisani. Kabla ya 30 Juni kila kitu hupigiwa kura.

Kwa hiyo ukitaka kuzungumzia matumizi, mtafute mbunge mwishoni mwa Januari au Februari, akiwa bado yuko nyumbani na hana presha. Ukitaka kuzungumzia kodi, subiri mswada utoke, kisha ukimbie, maana siku za kupeleka maoni huwa chache na tangazo hutolewa magazetini, ambayo huku kwetu huonekana yakiwa yamefungia mahamri.

Nimeyataja mahamri kwa sababu. Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliolenga kukusanya Sh346 bilioni zaidi, ulipendekeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia yanayotokana na mimea. Mama mmoja anayekaanga mahamri na viazi karai karibu na stendi aliniambia: "Mzee, mimi mambo ya Nairobi siyajui, na kodi silipi." Tukachukua kalamu. Tuseme mtungi wa lita 20 unatoka kiwandani ukiwa na thamani ya Sh4,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, yaani Sh640, unafika Sh4,640 kabla hata ya faida ya wenye maduka. Sasa weka ule ushuru mpya: asilimia 25 ya 4,000 ni Sh1,000. VAT haitozwi tena kwa 4,000. Inatozwa kwa 5,000, kwa hivyo inakuwa Sh800. Jumla Sh5,800. Ongezeko ni Sh1,160 kwa mtungi mmoja, na sehemu yake ni kodi juu ya kodi. Akiuza hamri shilingi kumi, hizo ni mahamri 116 anayoamka saa tisa usiku kuyakanda kwa ajili ya serikali. Akaniangalia. "Na hiyo barua inaandikwaje?"

Inaandikwa kwa Kiswahili, kwanza kabisa. Watu wengi hukwama hapa, wakidhani lazima watafute mwalimu wa kuwatafsiria. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Pili, iwe fupi. Yake ingekuwa hivi:

"Kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Kuhusu Mswada wa Fedha, pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Mimi ni mpishi wa mahamri Kakuyuni, eneobunge la Malindi. Natumia mtungi mmoja wa lita 20 kila wiki mbili. Pendekezo hili litaniongezea takriban Sh1,160 kwa mtungi. Sitaweza kupandisha bei kwa sababu wateja wangu ni wanafunzi na watu wa bodaboda. Naomba pendekezo hili liondolewe lote."

Inatosha. Ametaja pendekezo, ametaja yeye ni nani, ameweka hesabu, ameomba jambo moja. Kamati ya Fedha hupokea kurasa nyingi za mawakili wa mabenki na viwanda, waliolipwa kuandika. Karatasi moja yenye hesabu ya mtungi wa mafuta haifanani nazo, na hiyo ndiyo faida yake. Pendekezo lile la mafuta, pamoja na VAT ya mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5, kamati ilitangaza kuyaondoa 18 Juni 2024. Yaliyofuata kila Mkenya anayajua.

Katika kusoma mswada kuna mtego mmoja nitakaoushikilia kidogo, kwa sababu hata wabunge hunaswa. Utaona bidhaa imehamishwa kutoka "asilimia sufuri" kwenda "iliyosamehewa" VAT. Mtu atakwambia ni mamoja, kote hakuna kodi. Si mamoja. Bidhaa ikiwa ya asilimia sufuri, kiwanda kinarudishiwa VAT kilicholipa kwenye vifaa na huduma zake. Ikiwa imesamehewa, hakirudishiwi kitu. Kinaimeza ile VAT na kuitapikia kwenye bei. Kwa hiyo bei inaweza kupanda dukani na mbunge akakuapia, kwa moyo safi, kwamba hakuna kodi iliyoongezwa. Ukiona neno "kusamehewa" kwenye mswada, usishangilie mpaka ujue bidhaa hiyo ilikuwa wapi jana.

Petroli nayo, kwa vijana wa bodaboda, ambao ndio walipa kodi wakubwa wa Kakuyuni bila kujijua. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ushuru wa kukarabati barabara ukapandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Kijana anayetia lita nne kwa siku ameshachangia Sh100 kwa barabara kabla jua halijatua, siku sita kwa wiki Sh600, na pikipiki yake bado inazama matopeni. Shilingi saba kati ya zile 25 serikali iliziweka 2025 kuwa dhamana ya mkopo wa kulipia makandarasi waliokuwa wakidai. Basi kikundi cha bodaboda kikikutana na mbunge kisiombe makoti ya kuakisi mwanga. Kiombe orodha: barabara zipi za eneobunge letu zimetengewa fedha za ushuru huo mwaka huu, kiasi gani kila moja, na mkandarasi ni nani. Afisi ya umma ikiombwa orodha kama hiyo, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21 kukujibu kwa maandishi.

Huku kwetu, kwa hakika, ugomvi wa kodi haukuanza na Mamlaka ya Mapato, KRA. Mekatilili wa Menza alipokuwa akiwaapisha Wagiriama mwaka 1913, kodi ya kibanda na kupelekwa kazini kwa nguvu ndivyo vilivyokuwa mdomoni. Wakati huo hapakuwa na karani wa kumwandikia.

Turudi kwa mbunge. Ameshakuahidi, utajuaje alichofanya? Usitegemee hotuba za mazishini. Hoja nyingi bungeni hupitishwa kwa sauti: Spika anasikiliza "Ndio", anasikiliza "La", anaamua, na hakuna jina linaloandikwa. Hapo kila mbunge anaweza kurudi nyumbani akasema alipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Kura inapohesabiwa kwa majina ndipo ukweli hukaa kwenye karatasi. Mswada wa 2024 ulihesabiwa mara mbili: 20 Juni, 204 kwa 115, na 25 Juni, 195 kwa 106, siku ambayo vijana waliingia bungeni na ambayo kesho yake Rais Ruto alikataa kutia sahihi. Jumlisha hizo za mwisho: 301. Wabunge ni 349. Karibu hamsini hawamo upande wowote. Tafuta jina la mbunge wako kwa kila kura, na asipokuwemo muulize alikuwa wapi, tena kwa adabu, maana yawezekana alikuwa mgonjwa. Kumbukumbu za Bunge, yaani Hansard, ziko wazi kwenye tovuti, na aliyesema kwa Kiswahili ameandikwa kwa Kiswahili.

Chungulia pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye hukagua NG-CDF ya kila eneobunge peke yake. Chukua ya Malindi, uisome ukinywa chai. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya miradi ambayo haijakamilika, kisha toka nje ukaiangalie.

Kikao chenyewe kipangeni kidogo. Mkiwa hamsini mbele ya mbunge mtapata hotuba na soda. Nendeni watano: mama wa mahamri, mtu wa bodaboda, mzazi wa kamati ya shule, mkulima wa korosho au nazi, na hawe mmoja, yaani bibi, asiyeogopa mtu, maana kwa bibi kizee mheshimiwa hukaa akasikiliza. Kila mmoja na jambo lake moja, kwa maandishi. Mkulima hasa ajiandae, maana kilimo ni cha kaunti lakini ushuru wa mafuta yanayoagizwa kutoka nje, ambayo ndiyo yanayoshindana na nazi yake, ni wa taifa. Na hapo hawe na mama wa mahamri wanaweza wakagombana na mkulima, yeye akitaka ushuru upande na wao ushuke. Acheni wagombane huko huko nyumbani, kabla ya kwenda. Mkienda kwa mbunge na maombi mawili yanayopigana atachagua lililo rahisi kwake.

Barua ikiwa tayari, toa nakala tatu. Ya kwanza iende kwa Karani wa Bunge, kwa anwani iliyo kwenye tangazo. Ya pili peleka ofisini kwa mbunge, Malindi, na usiondoke mpaka igongwe muhuri wenye tarehe. Ya tatu, yenye alama ya muhuri huo, kaa nayo mpaka kampeni za 2027, maana kura ni Agosti 10. Yangu naiweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga uliokwisha, kifuniko nimekikaza, kwa sababu mchwa wa Kakuyuni hawachagui karatasi.